Maji Yasiyokatika Bandani: Kuchagua Bakuli la Kunyweshea Ng'ombe Bukoba na Muleba

Ng'ombe aliyefungiwa bandani hanywi kwa kiu yake, hunywa kwa nafasi ya mwenye nyumba. Mama akiwahi sokoni, watoto wakiwa shuleni, baba akiwa kwenye kahawa, ndoo hubaki tupu mpaka jioni. Katika vibanja vya Bukoba na Muleba hali hii ni ya kawaida, kwa sababu ng'ombe wa maziwa wa huku hufugwa ndani ya migomba, mmoja au wawili kwa kaya. Mradi wa KALIDEP, uliosaidiwa na Uholanzi, ulisambaza mitamba chotara mkoani Kagera kwa mtindo wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, na tangu wakati huo watu wamejua kujenga banda, kupanda majani na kurudisha samadi kwenye migomba. Maji, katika mabanda mengi, bado yanategemea ndoo.

Chombo kinachojijaza chenyewe kinaweza kumaliza tatizo hilo, nacho si cha matajiri peke yao. Lakini wafugaji wengi huanza kwa kununua chombo, halafu ndipo wanapogundua kwamba maji yao hayakifai. Msimamo wangu ni kwamba chombo kichaguliwe mwisho. Anza na kiasi cha maji ulicho nacho, fuata presha yake, kisha jiulize nani atakitengeneza kikiharibika. Ukishajibu hayo matatu, uchaguzi wa chombo utakuwa umekwisha karibu wote.

Mgomba hautoshi

Huku kwetu kuna wafugaji wanaosema kwamba ng'ombe anayelishwa migomba hahitaji maji. Nusu ya maneno hayo ni kweli. Zaidi ya asilimia 90 ya shina la mgomba ni maji, kwa hiyo ng'ombe aliyekula kilo 20 za mgomba uliokatwakatwa ameingiza tumboni kama lita 18. Ndiyo maana utamwona akikataa ndoo, na wewe ukaridhika.

Tatizo ni maziwa. Sehemu ya maji katika maziwa ni kama asilimia 87, na hayo yote hutoka kwenye kile ng'ombe alichokunywa na kula. Kwa makadirio, kila lita ya maziwa hudai lita 4 hadi 5 za maji, zikiwemo zilizomo kwenye chakula. Chotara anayetoa lita 10 kwa siku anataka lita 60 hadi 80. Asiyekamuliwa huridhika na 30 au 40. Tena mgomba una lishe ndogo: ukimjaza ng'ombe migomba ili umpunguzie maji, umempunguzia chakula. Mpe pumba, majani makavu na mashudu, ndivyo vinavyotoa maziwa, na vyote hivyo huleta kiu.

Angalia pia saa anazokunywa. Ng'ombe hunywa sana mara baada ya kukamuliwa na mara baada ya kula, na hunywa usiku pia. Ndoo mbili za asubuhi na mbili za jioni zinaweza kufikisha lita 80 kwenye hesabu yako, huku ng'ombe akiwa ameshinda na kiu tangu saa nne hadi saa kumi. Chombo kinachojijaza huziba pengo hilo, na mara nyingi mabadiliko utayaona kwenye ndoo ya maziwa kabla hujabadilisha chakula chochote.

Kuna faida nyingine isiyozungumzwa. Anayepeleka ng'ombe mtoni au kwenye bwawa la wote humpitisha kwenye nyasi zenye kupe, na huku kwetu kupe maana yake ni ndigana kali. Ng'ombe anayenywea bandani amekingwa na sehemu kubwa ya hatari hiyo. Na chemchemi nayo inapona: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji.

Maji yako yanatoka wapi?

Umbo la nchi yetu linajulikana. Vijiji viko juu ya miinuko, chemchemi ziko bondeni, na kati yake kuna mteremko wa kuchosha. Bakuli la kisasa halipandishi maji kilimani. Kama hayo maji yatabebwa kichwani na mama au mtoto, chombo kitasaidia kuyagawa usiku na mchana, lakini mzigo utabaki palepale, na pengine utaongezeka kwa kuwa ng'ombe sasa atakunywa anavyotaka. Kwa kaya ya namna hiyo nashauri fedha ya kwanza iende kwenye bati, mfereji na tenki.

Bahati yetu ni mvua. Ukanda wa ziwa kuzunguka Bukoba hupata kama milimita 2,000 kwa mwaka, ingawa ukielekea magharibi kiasi hicho hushuka haraka. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 8 kwa 5, ukitoa yanayopotea, litakupa kama lita 320 kwa mvua ya milimita 10, yaani maji ya ng'ombe mmoja wa maziwa kwa siku nne. Kipindi cha kuogopa ni Juni hadi Agosti. Ukihesabu siku 60 bila mvua ya maana, kwa lita 80 kwa siku, unahitaji lita 4,800, kwa hiyo tenki la lita 5,000 kwa ng'ombe mmoja si anasa. Asiyeliweza aanze na la 1,000 na ajue kwamba Julai atabeba maji.

Mwenye bomba la mamlaka ya maji, BUWASA, mjini, au la mradi wa wakala wa maji vijijini, RUWASA, asiunganishe bakuli moja kwa moja kwenye bomba. Kwanza, maji hayo huja kwa saa, na ng'ombe hajui ratiba. Pili, presha hupanda usiku watu wanapokuwa wamefunga mabomba yao, na bakuli la bei ndogo hupasuka au huanza kuvuja. Tatu, na hili ni zito zaidi, bomba likikauka linaweza kufyonza maji kutoka bakulini, yakiwa na mate na mabaki ya chakula, na kuyarudisha kwenye mfumo ambao jirani yako anauchotea maji ya kunywa. Bomba lijaze tenki, na tenki lijaze bakuli. Hakikisha mdomo wa koki inayojaza tenki uko juu ya usawa wa maji, usizame.

Presha ndiyo inayoamua

Hapa ndipo fedha nyingi zinapopotea. Vyombo vingi vinavyouzwa vimetengenezwa kwa mashamba ya Ulaya yenye maji ya bomba yenye nguvu. Kwenye boksi utakuta imeandikwa "bar 1 hadi 5" au zaidi. Bar moja ni nguvu ya maji yaliyo mita 10 juu ya koki. Simtanki lako liko juu ya mbao, mita 2 kutoka usawa wa bakuli: hiyo ni bar 0.2 tu.

Aina zenyewe hasa ni mbili. Ya kwanza ni bakuli la chuma au plastiki lenye ulimi: ng'ombe anausukuma kwa pua, maji yanatoka, akiacha yanafunga. Ni zuri kwa usafi, kwa sababu maji yaliyolala ni machache na ng'ombe hunywa mapya. Lakini hutegemea presha, na kwa tenki la mita 2 mengi hutoa maji taratibu mno. Ng'ombe mwenye kiu anaweza kunywa lita 10 na zaidi kwa dakika. Akipata 2, atachoka kusukuma, ataondoka na kiu, na wewe utadhani ameshiba.

Ya pili ni birika au beseni lenye koki ya boya, kama ile iliyo ndani ya tenki la choo cha kuvuta. Maji yakipungua boya hushuka na koki hufunguka. Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa wafugaji wengi wa kibanja, kwa sababu hata maji yakiingia polepole, ng'ombe ananywa yale yaliyokwisha kujaa, kisha birika linajirudishia akiwa anacheua. Kwa ng'ombe mmoja au wawili, birika la lita 30 hadi 50 linatosha.

Lakini si kila koki ya boya inafaa. Ya choo mara nyingi ina tundu dogo la milimita 3 hivi, kwa kuwa imetengenezwa kwa presha kubwa. Kwa mita 2 za kimo, tundu hilo haliwezi kupitisha hata lita 2 kwa dakika. Tundu la milimita 8 kwa kimo hichohicho hupitisha kama 11, bomba likiwa fupi na pana. Kwa hiyo usiulize dukani kama ni nusu inchi au robo tatu, maana hicho ni kipimo cha nyuzi za nje. Ifungue, chungulia ndani, uone tundu lenyewe.

Bomba nalo hula presha. Kutoka kwenye tenki hadi bandani, likiwa la nusu inchi na urefu wa mita 15, karibu nusu ya ile nguvu yako ndogo huishia njiani. Weka la robo tatu au la inchi moja. Tofauti ya bei ni ndogo ukilinganisha na hasara. Lifukie futi moja na nusu, kwa maana kwenye kibanja jembe halikosi kupita, na bomba jeusi lililoachwa juani hutoa maji ya moto ambayo ng'ombe atayakataa mchana.

Kipimo ni rahisi na hakihitaji fundi. Kabla hujanunua chochote, vuta mpira kutoka kwenye tenki hadi mahali bakuli litakapokaa, kwa kimo kilekile, ujaze ndoo ya lita 20 ukiwa umeshika saa. Ikijaa ndani ya dakika mbili, unaweza kufikiria hata bakuli la ulimi, mradi liwe limeandikiwa presha ndogo. Ikichukua dakika tano, chukua birika la boya. Ikizidi dakika kumi, inua tenki au badilisha bomba kwanza.

Pipa la katikati

Kila chombo kinachojijaza siku moja kitagoma kufunga. Takataka itaingia kwenye koki, raba itachakaa, au ng'ombe atavunja boya. Kama bakuli limeungwa moja kwa moja kwenye tenki la lita 5,000, asubuhi utakuta tenki tupu na banda limegeuka tope. Maji ya mwezi mzima na zaidi yamekwenda kwenye migomba, na ng'ombe amelala kwenye tope linalomletea ugonjwa wa kiwele na kuoza kwato.

Dawa yake ni pipa la lita 200 kati ya tenki kubwa na birika. Lijaze asubuhi kwa kufungua koki ya mkono, kisha funga. Birika hujijaza kutoka kwenye pipa. Likiharibika, unapoteza lita 200 tu. Pipa hilo pia ni kipimo chako. Ndoo ilikuwa na sifa moja ambayo chombo cha kisasa hakina: ulijua ng'ombe amekunywa kiasi gani. Kupungua kunywa ni miongoni mwa dalili za mwanzo kwamba ng'ombe anaumwa, kabla hajaacha kula kabisa. Chora mistari ya rangi ubavuni mwa pipa, kila lita 20, uwe unaiangalia kila jioni. Mstari usiposhuka kama kawaida, mpime joto na umwite mtaalamu wa mifugo siku hiyohiyo.

Mwenye ng'ombe watatu au wanne waliofungwa kwenye vizimba anaweza kutumia mfumo mmoja wa boya kwa wote. Weka sanduku dogo lenye koki ya boya nje ya banda, kisha unganisha mabeseni yote kwa bomba la inchi moja linalopita chini. Maji husimama usawa mmoja kila mahali, na ng'ombe hawagusi boya kabisa. Ni mfumo wa bei nafuu na hufanya kazi hata kwa presha ndogo kabisa. Kasoro yake ni kwamba uchafu na ugonjwa wa beseni moja hufika kwa mengine, kwa hiyo ng'ombe mgeni asifungwe hapo mpaka umwangalie kwa wiki chache.

Kulifunga na kulitunza

Ukingo wa birika uwe sentimita 60 hadi 75 kutoka pale ng'ombe anaposimama; chotara wa Ankole abaki karibu na 60, mwenye damu nyingi ya Friesian apande. Likiwa chini zaidi ataingiza kwato na kinyesi. Liweke mbali na hori la chakula, hatua mbili tatu, la sivyo kila mara utakuta pumba na vipande vya mgomba vinachacha ndani ya maji. Usilifunge kwenye nguzo ya mkaratusi iliyosimikwa udongoni: inaoza, na ng'ombe hupenda kujikuna hapohapo. Jenga kipande cha tofali na saruji. Boya lizibwe kwa kipande cha bati nene au mbao iliyofungwa kwa skrubu, kwa sababu ng'ombe atalilamba na kulivuta mpaka ling'oke.

Tundu la kutolea maji chini ya birika ni la lazima. Usinunue birika lisilo nalo, hata kama ni zuri namna gani. Chombo kigumu kusafisha hakisafishwi, na maji yenye utelezi wa kijani ng'ombe huyanywa kwa shida tu. Litoe matakataka kila siku, lisugue kwa brashi kila wiki. Kwenye njia ya kuingia weka chujio, na kitobo cha tenki kiwe sentimita chache juu ya sakafu yake ili tope la paa libaki chini.

Mtamba aliyezoea ndoo anaweza kuliogopa bakuli la ulimi kwa sababu ya mlio wake. Sukuma ulimi mwenyewe mbele yake mara kadhaa, uache maji kidogo bakulini, na usimwondolee ndoo mpaka umwone akinywa.

Wenye makundi makubwa

Kwa wafugaji wa upande wa Ngenge, Rutoro na maeneo ya ranchi za Kagoma na Mwisa, mambo ni mengine. Kundi la ng'ombe 100 huja kunywa kwa pamoja na linataka lita 3,000 hadi 4,000 kwa siku. Hapo bakuli halina nafasi. Jenga birika refu la saruji, ng'ombe 10 waweze kunywa kwa wakati mmoja, kila mmoja akipata sentimita 60 au 70 za ukingo, na tenki la akiba juu yake. Birika likiwa fupi, wenye pembe kubwa watawazuia mitamba na ndama. Koki ya boya iwe ya inchi moja na nusu au mbili, ndani ya kisanduku cha saruji chenye kifuniko cha kufungwa. Kama chanzo ni lambo, lizungushie uzio na uvute maji kwa pampu ya sola kuja nje. Mifugo ikiingia ndani ya lambo, tope na kinyesi vitalimaliza.

Wenye mifugo midogo nao wana vyombo vyao. Kwa kuku, chuchu za kunyweshea zinafaa kuliko drinka za chini, chuchu moja kwa kuku kumi hivi, lakini hizo huziba upesi, kwa hiyo chujio ni lazima. Nguruwe nao wana chuchu zao za chuma. Jike anayenyonyesha anahitaji itoe walau lita moja na nusu kwa dakika. Mbuzi mpe birika dogo la boya lililoinuliwa, maana hatakunywa maji aliyoyachafua mwenyewe.

Dukani

Bukoba na Muleba mjini maduka ya vifaa vya ujenzi yana koki za boya, mabomba na matenki. Mabakuli ya ulimi mara nyingi huagizwa Mwanza au Dar es Salaam, na wapo wanaovuka Mutukula kuyatafuta Uganda. Kuagiza mbali si kosa. Kosa ni kununua kitu ambacho raba yake haipatikani hapa. Muulize muuzaji akuonyeshe vipuri, si akuambie vipo. Jaribu kama nyuzi zake zinaingia kwenye viungio vya kawaida vya hapa. Lile la plastiki nyembamba liache; ng'ombe atalibana kwa kichwa likapasuka. La chuma cha kusubu hudumu, la plastiki nene linatosha. Bakuli lenye kipasha joto cha umeme, lililotengenezwa kuzuia barafu, usililipie: barafu ya kuzuia Bukoba haipo.

Mwenye fedha kidogo na ng'ombe mmoja, chukua pipa, bomba la robo tatu, koki ya boya yenye tundu pana, na birika la saruji ambalo fundi wa kijijini atalifyatua. Mwenye ng'ombe watano na tenki lililo juu mlimani, nunua mabakuli mazuri ya ulimi ya presha ndogo. Na yeyote kati yenu, siku ya kununua, nunua na raba mbili za akiba na boya moja la ziada, uvitundike bandani palepale, kwa sababu koki huharibika usiku, na duka limefungwa.